Majani Yasiyotafunwa

Kwa siku tatu yule sokwe jike hakutia kitu kinywani, na mwanawe mchanga alikuwa akinyonya titi kavu. Serafina, aliyeajiriwa kuandika kila wanachokula sokwe wa kisiwa kile cha ng'ambo ya Chato, alikuwa ameshatoa taarifa. Asubuhi ile boti ilimleta daktari wa wanyama. Kama mama angekuwa bado hajala kitu, angechomwa sindano ya usingizi na mtoto achukuliwe.

Sokwe alishuka kutoka kiotani, akaupita mkuyu uliojaa matunda mabivu bila hata kuuangalia. Akachuma jani linalokwaruza kama msasa, akalikunja taratibu kwa ulimi, akalimeza zima bila kutafuna. Uso ukamkunjamana kama wa mtu anayekunywa mwarobaini. Akachuma la pili, kisha la tatu.

Kalamu ya Serafina ilisimama. Hiki ni chakula? Mbona hatafuni? Au ndiyo anakufa, anameza tu chochote?

Redio ya upepo ikakoroma. Alikuwa mkuu wa kituo.

"Dada Serafina, daktari yuko tayari. Amekula, hajala?"

"Anameza majani, mkuu. Ila hatafuni."

"Sasa huko ndiko kula?"

"Sijui."

"Dada, nataka jibu moja tu."

Mtoto alijikokota kifuani kwa mama yake, akalitafuta titi. Sokwe akameza jani la nne, akafumba macho.

Serafina aliutazama tena uso ule uliokunjamana: haukuwa wa anayekufa, ulikuwa wa mgonjwa anayemeza dawa. Akabonyeza kitufe.

"Amekula," alisema.