Pedali ya Katikati

Mwaka mzima Mama Ndeshi, mwenye miaka hamsini na tisa, alijifunza piano ya kanisa kila jioni. Leo Mwalimu Elinami alikuja kanisani kuamua kama kesho mama huyo angepiga nyimbo za ibada.

Mama Ndeshi alifuta viganja kwenye kitenge, akaomba kimya, akafuta tena. Alipiga wimbo mzima bila kosa, lakini sauti ilitoka kama iko chini ya godoro.

“Mama, pedali ya kulia inarefusha sauti. Ya kushoto inailainisha. Hii ya katikati uliyoikanyaga na kuifunga chini inashusha kitambaa mbele ya nyuzi ili sauti ififie, majirani wasisumbuke. Nani alikuambia uifunge?”

“Aibu, Mwalimu. Wale wa uwanjani wananicheka.”

Nje, akina mama walikuwa wakifagia uwanja. “Bibi bado anapapasa?” mmoja aliuliza, wenzake wakaangua kicheko.

“Mungu anakusikia hata hivyo,” alisema Mwalimu. “Ila kesho lazima benchi la nyuma nalo lisikie. Ifungue, au nimtafute mwingine.”

Mama Ndeshi alinyoosha mguu. Aliisukuma pedali pembeni, ikaruka juu kwa kishindo.

Nje, mafagio yakanyamaza. Mama Ndeshi akashusha vidole kwenye vibonyezo vya piano.