Baruti ya Kopo Jekundu

Siku hizi baruti hupewa mwenye hofu. Bangili ya serikali husoma mapigo ya moyo wako, na moyo ukitulia mwezi mzima, hupati hata kijiko.

Sasa mimi nimefukuza nguruwe pori kwenye mahindi haya miaka ishirini na sita. Niogope nini? Huu ni mwezi wa tatu sijaiona baruti ya kopo jekundu. Jirani kanigawia ile ya kijivu, takataka tupu: inachafua mtutu, na risasi inaanguka kabla ya kufika. Nguruwe wameshaizoea, wanasikia mlio na kuendelea kula.

"Jitahidi kuogopa basi, Mama Asumini," mume wangu ananiambia, kana kwamba nakataa makusudi.

Akaanza kunisaidia. Akajificha nyuma ya mlango, akabamiza masufuria, akaweka nyoka wa mpira kitandani. Nilimtukana tu. Bangili kimya.

Jana asubuhi nilikuwa nachambua mchele. Nikainua uso, nikamkuta mlangoni ameninyooshea bunduki yangu, hatabasamu. Bangili ikalia.

"Umeona?" akacheka, akaishusha. "Tulia, mke wangu. Haina risasi."

Mchana nikapewa kopo jekundu, limejaa. Nikaketi kwa furaha kujaza maganda ya risasi, ila kwanza nikafungua bunduki niisafishe.

Risasi ilikuwamo.

Jikoni Baba Asumini alikuwa ananichemshia chai, anapiga mluzi. Bangili ikalia tena: nimeongezewa kopo la pili.