Tochi ya Afande Eliya

Kila tochi aliyopewa, Bibi Angetile aliigeuza akajimulika nayo machoni mwake mwenyewe.

Mudathiri, mwenye duka pale Bondeni, alivumilia tochi ya kwanza, akavumilia na ya pili. Ya tatu ikamshinda. Alimwambia kwa heshima zote kwamba tochi humulikwa kule mbele, mtu aone anakokwenda. Haitazamwi kama kioo.

"Kule mbele atatazama afande mwenyewe," bibi alijibu huku akipepesa macho. "Mimi nimetumwa kuchagua."

Na alikuwa ametumwa kweli. Afande Eliya, polisi wa kata, alikuwa akifanya doria Ngonga nzima kwa kijitaa cha simu, akisaka wezi wa kokoa na wapika gongo. Wiki iliyopita alitumbukia kwenye mfereji wa majaruba ya mpunga, kofia ikaenda na maji. Watu walicheka siku mbili, ya tatu wakaona aibu. Kitongoji kikakutana, kila nyumba ikatoa mchele, mchele ukauzwa ili ipatikane tochi ya maana. Mwenyekiti alipouliza nani ataifuata mjini, mkono wa Bibi Angetile ulikuwa juu kabla swali halijaisha.

Sasa Mudathiri akamtolea ile anayoisifia kuliko zote: nyembamba, nyeusi, inaingia mfuko wa shati, na ina taa nyekundu hafifu ya kunyatia. Kwa taa hiyo, alisema, afande anamfikia mtu hadi ubavuni na mtu hana habari.

Bibi aliirudisha kama aliyeshikishwa chura. "Hiyo ya wachawi. Mtu mwenye adabu akija kwa watu hupiga hodi, tena kutoka mbali."

"Na mwizi naye apigiwe hodi, bibi?"

"Mwizi naye ana mama yake."

Mudathiri alicheka mpaka akaegemea rafu. Kisha akaona anacheka peke yake, akauliza kama kuna jambo. Ndipo alipoambiwa habari ya vyungu.

Bibi alikuwa na vyungu vitatu vikubwa vya kupikia, anaviweka shambani katikati ya mikokoa, karibu na kijito. Mwezi uliopita watu waliingia gizani, kimya kimya, wakavunja viwili. Kilichobaki ni cha marehemu mama yake, kimefinyangwa Ikombe na mikono ambayo nayo imeshazikwa. Chungu hicho kilimsomesha mwanawe, na sasa kinamsomesha mjukuu wake, Jeni. Kikivunjwa hicho, basi.

Mudathiri aliuliza kama waliiba na kokoa.

"Hata tunda moja. Walivunja, wakaondoka."

"Watu gani hao wasioiba! Na hawajakamatwa?"

Bibi alimtazama kwa upole. "Nani awakamate, mwanangu?"

Swali hilo lilimchoma Mudathiri. Aliingia stoo, akapekua maboksi, akatoka na dude la chuma zito kama mchi, kichwa chake kama sufuria ya chai. Halina taa nyekundu, halina mwanga wa kupunguza. Kitufe kimoja tu, washa na zima. Alikiri kwamba lina mwaka wa pili pale halijapata mtu, maana linawaka kama lori.

Bibi Angetile hakuligusa. Alimwomba Mudathiri aende nalo hadi mwisho wa mtaa, aliwashe, alielekeze dukani. Yeye angebaki mlangoni.

Mudathiri alisita. Jua lilikuwa la saa saba, na wauza ndizi walikuwa wameanza kumtazama. Lakini akaenda, akasimama kule kama mwendawazimu, akawasha. Mbali mlangoni akamwona bibi akifunika macho kwa kanga, halafu akipiga kigelegele.

Aliporudi, bibi alikuwa na swali moja tu lililobaki: je, betri ikichoka njiani? Mtoto wa watu azimikiwe katikati ya mpunga, watu hata wasijue yuko wapi?

"Akiichaji vizuri, inafika alfajiri."

"Ndaga fijo, asante sana, baba. Funga hiyo."

Mudathiri aliongeza mkanda wa kuvalia begani, zawadi yake mwenyewe kwa ajili ya chungu cha Ikombe. Alisema afande huyo ana bahati, amepata mama wa pili. Bibi akasema mama ni mama.

Jumapili baada ya ibada, Afande Eliya alipokea tochi kwa mikono miwili mbele ya kitongoji kizima. Bibi Angetile hakumwachia hapo hapo. Alimtaka aahidi, mwenyekiti akisikia, kwamba giza likishaingia hatakwenda doria hata hatua moja bila kuiwasha. Majaruba yana nyoka, alisema, na nyoka hapigi honi. Afande aliahidi. Tangu ahamishiwe Kyela, alisema, hakuna aliyewahi kumhurumia namna hiyo.

Jumatano jioni, giza likianza kushuka, bibi alikuwa shambani na Jeni, wanachochea moto chini ya chungu cha mama. Ng'ambo ya mpunga, kule darajani, mwanga mweupe ukachomoza, ukafagia mashamba mpaka majani ya mikokoa yakang'aa.

Bibi alimalizia kwanza chai yake.

"Jeni," alisema, "afande anapiga hodi. Zima moto, chomoa mrija, gongo tia kwenye dumu. Chungu tutakibeba wawili kwa majani ya mgomba, taratibu tu, kisije kikapasuka. Bado hajavuka daraja."