Mtaa Uliofukiwa

Kijiko cha chai kilikuja juu ya mkanda wa mashine kikiwa kimevaa tope jekundu, mwanamke akakidaka kabla sumaku haijakinyakua. Alikisugua kwa glavu, akakigeuza mbele na nyuma, akakitupa kwenye pipa. Hakikuwa chake.

Wenzake walimwita Mama Sumaku. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya mkanda na kuondoa kila kisicho tope: bati, sufuria, mguu wa kitanda. Tope lenyewe lilipelekwa kwenye tanuri, likachomwa na kusagwa, kisha sumaku ikavuta chuma chake.

Lilikuwa uchafu wa kiwanda cha alumini. Kwa miaka mingi kiwanda kilikuwa kimelimwaga bwawani juu ya mlima, kali la kuchubua ngozi, hadi asubuhi moja ukuta wa bwawa ukapasuka na mtaa wote wa chini ukafukiwa. Kiwanda kilifungwa. Sasa kampuni nyingine ilikuwa inalichimba tope palepale lilipolala, kwa sababu ya chuma kilichomo.

Yeye hakufuata chuma. Alimfuata mumewe.

Ukuta ulipopasuka alikuwa mbali, akimuuguza mama yake. Jioni ya kuamkia siku hiyo mumewe alimpigia simu. "Kaa na mama hadi apone kabisa," alimwambia, kwa upole ambao hakuwa ameusikia siku nyingi. "Usiharakishe kurudi."

Maneno hayo ndiyo aliyobaki nayo. Wengi walipatikana, wakazikwa. Mumewe hakupatikana, na mke akakosa hata kaburi la kupalilia.

Akapanga chumba karibu na machimbo. Kila akipika, chakula kilibaki. Mkono ulikuwa umekataa kujifunza kupimia mtu mmoja. Jumapili alifua ovaroli yake na kuyatazama maji mekundu yakizunguka kwenye karo mpaka tone la mwisho, halafu siku ikawa imebaki nzima, wala hakuna wa kuzungumza naye.

Fundi wa kuchomelea alimpenda. Alikuwa mtu wa watu, mcheshi, na mbele ya Mama Sumaku tu ndipo ulimi ulipomwia mzito.

"Nitakungoja," alimwambia siku moja.

"Mimi ni mke wa mtu," alijibu. "Bado sijamzika."

Fundi akangoja kweli, mwaka ukaisha na mwingine ukaingia. Mwishowe akapata kazi mji mwingine, akaaga kila mtu kwa kumshika mkono. Kwake alichelewa kuuachia. Mchana huo Mama Sumaku alikula ameipa karakana ya fundi mgongo.

Aliyebaki ni wifi yake, dada wa mumewe, aliyempigia simu mara moja moja.

"Wifi, ondoka huko. Unataka uzeekee kwenye matope?"

"Nikishampata, nitaondoka."

Wifi akashusha sauti. "Kaka hayumo humo, wifi yangu. Nakuapia, hayumo."

Mama Sumaku alifuta machozi akamshukuru. Ni kweli, alijiambia, roho haikai kwenye tope. Lakini mwili je?

Kisha ikaja siku ambayo dereva wa katapila alimfuata kwenye mkanda kwa miguu, kofia mkononi.

"Mama, tumefika kwenye nyumba yenu. Mlango wa bluu, kibaraza cha duara. Si ndivyo ulivyotuelekeza?"

Msimamizi akasimamisha mkanda. Bila kuulizwa, akatoa shuka jeupe, jipya, la kumfunikia marehemu, akampa. Wenzake wakaacha zana zao wakasimama mbali, kama watu waliofika msibani.

Walipouvunja mlango, ndani tope lilikuwa limeganda hadi kiunoni. Yeye na dereva wakachimba kwa sepetu, taratibu, mume asije akaumizwa. Wakamaliza sebule. Wakamaliza jikoni. Chumbani wakachimba hadi chini ya kitanda, na hapo akapiga magoti akamalizia kwa mikono.

Hapakuwa na kitu.

"Labda alitoka mbio," dereva alisema kwa sauti ya chini. "Labda tope lilimkuta barabarani."

Alitikisa kichwa kukubali. Pembeni lilisimama kabati la chuma, refu, milango imeshikana kwa kutu. Akakumbuka shati la mistari alilolipenda mumewe. Angelikunja ndani ya shuka, angelichimbia kaburi, na jioni angempigia wifi amwambie kwamba kaka amezikwa.

Dereva akaubandua mlango kwa ncha ya sepetu.

Magauni yake yalikuwa yananing'inia kama alivyoyaacha, mojamoja, makavu. Upande wa mumewe zilikuwa zimebaki henga tupu.