Kamera Inayoangalia Barabara

Fundi alibonyeza kitufe cha kamera kwa pini mpaka taa ikazimika na kuwaka upya, kisha akaiunganisha na mashine ya kurekodi. Barabara ya mtaa wa Nyakuron ikatokea kwenye skrini.

"Mama, hii inaangalia barabara tu. Niigeuzie getini, ione wezi?"

"Iache hivyo," Nyakuon akasema. "Mimi sitafuti wezi."

Mwanawe alimpotea akiwa na miaka saba, walipokuwa wakikimbia vita kwenda Kenya. Tangu mkataba wa amani utiwe saini naye arudi nyumbani, kila akitoka kazini aliwauliza majirani kama kuna kijana aliyekuja kumuulizia.

Fundi alikuwa bado ameshika bisibisi Nyakuon alipoinamia skrini. Kijana mrefu alikuwa amesimama kwa mama muuza chai, naye muuza chai alikuwa akimwonyesha kwa kidole geti la Nyakuon.