Memori Mbili za Mwisho

Bibi harusi alikuwa amekwama mlangoni mwa ukumbi kwa wiki tatu. Mguu mmoja ndani, mmoja nje, shela limeinuliwa na upepo, na kompyuta haitaki kumsogeza hata hatua moja.

Mpiga video wa harusi hiyo alikuwa shemeji yake bibi harusi mwenyewe, na balaa lake lilikuwa hapo. Mama mkwe wake, mama mzazi wa bibi harusi, alimpigia simu kila asubuhi.

"Baba, mwanangu keshaingia?"

"Bado, mama. Yuko mlangoni."

Jumamosi mama mkwe angekuja mwenyewe, na mashoga zake sita, kuitazama harusi nzima. Mpiga video alikwishamaliza visingizio vyote.

Ndiyo maana alipanda ngazi za duka la vipuri asubuhi na mapema, kompyuta yake kuukuu kaikumbatia kifuani. Alimkuta mwanamke mmoja wa makamo, miwani puani, bisibisi mkononi, kainamia kompyuta iliyofunuliwa juu ya meza. Nayo ilikuwa kuukuu vilevile.

"Habari za kazi, fundi?"

"Nzuri," alijibu bila kuinua kichwa.

Mpiga video akamwaga yote: bibi harusi, mama mkwe, mashoga sita. Kisha akatoa mfukoni prosesa, ubongo wa kompyuta, aliyopewa na rafiki, kaiviringisha kwenye kitambaa. "Sijui kama itaelewana na mazabodi yangu. Na memori nataka kuongeza, maana hii iliyomo ni moja tu, tena ndogo."

Mwanamke alicheka aliposikia habari za mashoga, akaivuta kompyuta ya mpiga video karibu. Kufumba na kufumbua kifuniko kilikuwa pembeni. Akasoma namba zilizoandikwa kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, akazitafuta kwenye simu yake, akaiweka prosesa juu ya kikalio chake taratibu, bila kuikandamiza.

"Inakaa," alisema. "Umebahatisha, kaka. Ila kabla hujaipachika, sasisha kwanza programu ya mazabodi, la sivyo itaikana."

Mpiga video alitamani kumkumbatia. "Na memori?"

"Hii inataka za kizazi cha tatu. Ina nafasi mbili tu."

"Basi si kama zile!"

Ndani ya kabati la kioo zililala memori mbili, na kikaratasi: *Kizazi cha tatu. Zimebaki mbili.* Mwanamke alizitazama kwa muda. Kwa mara ya kwanza aliweka bisibisi chini.

"Zile usiziguse."

"Kwa nini? Si imeandikwa..."

"Kizazi ni hicho hicho, sikatai. Lakini zile ni za seva, mashine kubwa za maofisini. Umbo lile lile, pengo lile lile, zinaingia bila kelele. Ukiwasha, giza. Jumamosi utamwambia nini mama mkwe?"

Mpiga video akarudi nyuma hatua moja kutoka kabatini. "Nusura nizinunue!"

"Wengi huliwa hapo hapo."

Simu ya dukani ikalia mezani. Ikalia weee, mwanamke wala hakuigeukia.

"Hupokei, fundi?"

"Itanyamaza." Akamrudishia prosesa yake ndani ya kitambaa. "Nenda upande wa pili wa soko, jengo la kijani, ghorofa ya tatu. Uliza za kizazi cha tatu za kompyuta ya kawaida. Wahi, kaka, zinagombewa."

Mpiga video akapeleka mkono mfukoni. Mwanamke akaupunga wake.

"Sichukui hata senti. Msalimie bibi harusi."

Aliteremka ngazi moyo mweupe. Kumbe bado wapo mafundi waaminifu, wanaoweza kukuuzia uozo na wasikuuzie! Jumamosi angemtaja mbele ya mashoga wote sita, tena angeweka jina la duka mwishoni mwa video, kwa maandishi ya dhahabu.

Alipofika ngazi ya mwisho ndipo alipoona nyaya za kompyuta yake zinaning'inia. Kifuniko alikisahau mezani. Akapanda tena, mbiombio.

Mlangoni alisita. Mlango wa nyuma wa duka ulikuwa umefunguka, na bwana mmoja mnene alikuwa akitoka humo, anakung'uta maji mikononi.

"Samahani sana, dada. Tumbo limeniamkia vibaya leo, nimekuacha peke yako muda wote huu. Haya, mteja wangu, nikupatie nini?"

Mwanamke alikuwa keshasimama mbele ya kabati la kioo.

"Hizo memori mbili," alisema.

"Una bahati," alisema yule bwana, akitafuta ufunguo. "Mji mzima hakuna nyingine."