Aliyeshika Simu

Mwamvita alimfikisha mwanawe Zaina zahanati akiwa amevunjika mguu. Karani akamkataza asimsainie fomu ya matibabu. Kisheria, familia ni wale wanaoonekana kwenye picha ambayo kila nyumba hutuma serikalini kila siku kabla ya magharibi, na picha za kujipiga hazipokelewi.

"Dada, nimetazama picha za miaka sita. Baba yupo, mtoto yupo, hata paka yupo. Wewe humo."

"Mimi ndiye niliyekuwa napiga!"

"Mfumo haumwoni mpigaji."

"Kwa hiyo simu ilikuwa inaelea hewani? Huyu mtoto alikuwa anamchekea nani, wewe?"

Karani akaivuta fomu upande wake. Ikabidi Mwamvita amwite mumewe, Shauri, aje asaini, na muda wote huo Zaina akilia kwa maumivu. Zaina alipofungwa plasta, Shauri akatazama dirishani, akashtuka.

"Mama Zaina, jua linazama na picha ya leo bado! Watatufuta na sisi."

Akampa simu kama kawaida yake, akakaa kitandani karibu na mtoto, akaiweka sawa kola yake.

Mwamvita akawatazama wote wawili kwenye kioo cha simu. Safari hii hakuwaambia wacheke.